Supu ya Makongoro na Ini la Baba Tumaini

Asubuhi niliyomwaga supu naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa Tunduma, kwenye kibanda changu kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Sufuria ilikuwa imejaa makongoro ya ng'ombe yaliyochemka tangu jana yake, na madereva walishakaa kwenye mabenchi wakinisubiri nipakue. Nikaibeba sufuria nzima nikaenda kuimimina mtaroni. Dereva mmoja Mzambia akauliza kama nimeona panya humo ndani. Niliendelea kuimimina huku nalia. Kosa nililolilia asubuhi ile halikuwa langu, na kosa lililokuwa langu nilikuwa bado sijaliona.

Nianze na mume wangu. Baba Tumaini ni Mndali wa Ileje, fundi wa maturubai. Turubai la lori likichanika njiani, yeye ndiye aliyepanda juu ya mzigo na sindano yake ndefu akalitia kiraka. Fundi hodari, na mdomo wake haukaukiwi utani. Lakini jioni alikuwa na marafiki, na marafiki walikuwa na vile vifuko vya pombe kali kutoka ng'ambo, tulivyoviita tujilijili, kabla havijapigwa marufuku. Baa ilikuwa ukuta kwa ukuta na kibanda changu.

Nilikuwa mke kijana, sijafika miaka thelathini na tano, na kugombana sikujui. Nilijua kupika. Kila asubuhi nilimpelekea bakuli la supu nzito yenye ndimu na pilipili. Anakunywa, jasho linamtoka, anasimama, anaenda kazini. "Mke wangu ananifufua," aliwaambia watu, nami kichwa kilinivimba. Niliamini kabisa kwamba supu yangu inamsafisha ini. Wenzake wakimwonya, alisema dawa ya moto ni moto, na jioni akarudi kulekule.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba Tumaini alianza kukonda. Chakula kikamkinaisha, na kila akiinama kushona alishika ubavu wa kulia. Nilimbeba kwa maneno na kwa ukali hadi akakubali kwenda hospitali Mbeya. Ukali huo, nakiri, ulichelewa sana.

Tulipokewa na daktari kijana wa kike, mwenye subira. Akambonyeza tumbo, akampima kwa altrasaundi, akatuketisha. Alisema ini limeanza kuwa na makovu na linaelekea kuwa gumu. Akachukua karatasi akatuchorea. Ndani ya ini, alisema, kuna seli ndogo ambazo siku za kawaida zimetulia, kazi yake ni kutunza akiba ya vitamini. Ini likijeruhiwa, seli hizo zinaacha ghala zao na kugeuka mafundi. Zinafuma nyuzi ngumu zinazoitwa kolajeni ili kuziba jeraha. Kwa jeraha la siku moja, hiyo ni kazi njema, na baadaye nyuzi huondolewa. Jeraha likija kila siku, nyuzi zinarundikana na mahali pale panakakamaa. Hapo ndipo penye hatari, akasema. Seli zile zikihisi ugumu uliozizunguka, zinaupokea kama agizo kwamba kazi bado haijaisha, zinazidi kufuma. Kovu lenyewe linaita kovu jingine.

Baba Tumaini akaivuta ile karatasi. "Daktari, hata turubai liko hivyo," alisema. "Ukiweka kiraka kigumu, kinavuta nguo laini ya pembeni. Inachanika hapohapo, unaweka kingine. Mwisho lori linatembea na viraka, turubai hakuna."

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu," daktari akamjibu. "Sasa acha kulichana." Alimweleza bila kuzunguka: akiacha pombe kabisa, baadhi ya mafundi wale watakufa, wengine watarudi kwenye ghala zao, na mwili wenyewe utaanza kuzimeng'enya nyuzi kidogo kidogo. Akiendelea, ini litafika mahali pasiporudika, na watoto watabaki bila baba. Kisha akanigeukia mimi kwa wema. "Kolajeni unaijua, mama. Ndiyo inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa."

Alitaka nielewe. Mimi nikasikia hukumu. Kwenye basi la kurudi Baba Tumaini alilala begani kwangu, na mimi njia nzima nilikuwa nayaona mabakuli yote niliyompa kwa mkono wangu. Nilijiona nimemfumia makovu mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwa ndimu na pilipili. Ndiyo sababu kesho yake supu niliyokuwa nimeiacha motoni iliishia mtaroni.

Siku ya nne akaja mama mkubwa kutoka Hasamba, dada yake mama yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi ya jiko. Alikuwa na kikapu cha maharage na hasira zake za kawaida.

"Mbona sufuria imelala kifudifudi, ina msiba?"

Nikamweleza yote, nikilia tena. Alinisikiliza huku anachambua maharage, hata hakuniangalia.

"Hao madereva wanaokunywa supu yako kila wanapopita, nani amelazwa hospitali kwa sababu ya supu hiyo?"

"Hakuna ninayemjua, mama."

"Basi liache kongoro la watu. Siku ile ulipounguza sufuria yangu, nilikwambia nini?"

Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu, nina haraka na ninajiona najua. Makongoro yalishika chini. Nikakimbilia maji nikamwaga, nikakoroga, nikamwaga mengine, na moto uko palepale unawaka. Utando ule mgumu wa chini ukawa unanasa kila kipande kinachotua juu yake, nacho kinaungua, utando unazidi kunenepa. Mama mkubwa akanipiga mwiko mkononi. "Toa motoni kwanza," alisema. Tukaiipua, tukailoweka, tukaiacha. Asubuhi yake ule ukoko uliinuka wenyewe kwa ncha ya kidole.

"Ulisema nitoe motoni kwanza," nikamjibu.

"Na mumeo umemtoa motoni? Kila asubuhi unamwagia maji akiwa bado motoni. Anapata nguvu, jioni anarudi kuungua, na wewe unasifiwa kwa supu."

Nilimchukia kwa muda mfupi, nakwambia kweli. Halafu nikaona aibu, maana alikuwa amegusa palepale. Zile sifa nilizipenda. Kama mume wangu angeamka mzima siku zote, nani angesema ninamfufua?

Mchana ule nilimfuata Baba Tumaini alipokuwa ameketi na turubai magotini.

"Supu yangu ilikuwa inakuinua urudi baa," nikamwambia. "Nilijua, na nilinyamaza. Sasa tunahama. Wewe, mimi, watoto na sufuria."

"Na wateja?"

"Malori hayohayo yanapita Nanyala tunakohamia."

Alichomeka sindano kwenye turubai. "Nikishindwa?"

"Utashindwa ukiwa karibu yangu, na nitasema. Sitanyamaza tena."

Tulihama kabla mwezi haujaisha. Kibanda kile kilikuwa mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kupikia, na sikugeuka nyuma kukitazama kwa sababu ningekirudia. Baba Tumaini aliacha pombe kwa maelekezo ya daktari na dawa, akitetemeka, akikasirikia hata kuku. Mara mbili alianguka, akanywa. Mara zote mbili nilisema, na sikumpikia supu ya kumficha. Mara ya tatu haikuja.

Tuliporudi kwa yule daktari nilimuuliza habari ya makongoro. Alishika kinywa, akaniomba radhi. Kolajeni inayoliwa, alisema, tumbo linaimeng'enya kama nyama nyingine yoyote. Ile ya kwenye kovu seli za ini huifuma zenyewe pale zinapojeruhiwa. Nikapona moyo. Miaka ikapita, vipimo vikafuatana, hadi siku moja akatuambia ini limelainika. Kovu lipo, lakini limepungua. "Mafundi wamepewa likizo," alisema Baba Tumaini, na daktari akacheka hadi akavua miwani.

Leo hii ninapokueleza haya, yuko nje anatia kiraka turubai la mtu. Ana miti michache ya kahawa nyuma ya nyumba anayoijali kama wajukuu. Supu yangu anainywa mchana, na analalamika kwamba siku hizi nazidisha chumvi. Namwacha alalamike. Ni sauti ninayoipenda.

Wanasema jungu kuu halikosi ukoko, basi pokea ukoko wangu huu, mwanangu. Usiogope kovu, mwili hulifuma kwa huruma, kutaka kuziba. Ogopa jeraha la kila siku, maana kiraka juu ya kiraka huleta ugumu, na ugumu ukishaingia huzidi kujiita wenyewe. Usisubiri ubavu uume; nenda kapimwe mapema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukimpenda mtu anayeungua, usijisifu kwa kumpoza asubuhi na kumwachia moto jioni. Mimi nilinyamaza nikidhani ni upole, na kila nilivyonyamaza, neno lilizidi kuwa gumu kutamka. Mtoe motoni kwanza. Kisha loweka, usubiri, na usikwangue kwa hasira.

Mungu akupe ini laini na moyo laini. Akupe mwenzi wa kukulalamikia chumvi hadi uzeeni. Na siku utakaposikia harufu ya kitu kinachoungua nyumbani mwako, aujalie mkono wako ukimbilie sufuria kabla ya kukimbilia maji.