Mkeka Sebuleni

Mama aliteleza kwenye mteremko wa shamba letu la kahawa, huku kijijini Litembo, akiwa na ndoo kichwani. Hakuvunjika, lakini mgongo ulikataa kunyooka. Mtaalamu wa viungo hospitalini alisema asipofanya mazoezi nyumbani kila siku, atabaki ameinama hivyo hivyo. Akanielekeza mimi ninayeishi naye: mazoezi ya pilates, ya polepole, mengi yake mtu amelala chali huku akikaza tumbo.

Mimi naogopa sana kukosea. Mambo haya sikuyasomea, nilijifunza kwenye simu. Nilitazama video za mikeka minene na myembamba, mipira ya kuvuta, mipira mikubwa ya kukalia, mpaka nikashindwa kuchagua. Mkeka mnene unalinda uti wa mgongo, ila unayumbisha. Mwembamba unaumiza. Wiki zikapita, Mama ameinama, nami bado nachagua.

Mwishowe nikapanda bodaboda hadi Mbinga mjini, kwenye duka la mzee mmoja mwenye asili ya pwani.

"Shikamoo, mzee. Natafuta mkeka wa mazoezi."

"Marahaba. Vijana wa siku hizi mkitaja mkeka, najua ni tiketi ya kubeti, na mmeliwa." Akacheka. "Wa kusalia ninao, wa msibani ninao. Wa mazoezi ni ule wa sponji kule juu, umekaa mpaka umepauka."

Niliubonyeza kwa kidole gumba, nikaukunja, kisha nikaulalia pale pale dukani, wateja wakinitazama. Ulikuwa sawa. Nikauchukua, pamoja na mpira wa kuvuta.

Nyumbani niliutandika sebuleni, nikauvuta mpaka ukingo wake ukaenda sambamba na ukuta. Mama akaja, akasimama mlangoni ameshikilia fremu yake ya kutembelea.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni wa mazoezi."

"Mara ya mwisho nilipolala chini humu ndani, baba yako alikuwa hajazikwa. Silali hapo, mwanangu."

Katika kupima unene wote ule, sikuwahi kumuuliza yeye. Niliuviringisha mkeka, ingawa sikuwa na mpango mwingine.

"Sasa utalala wapi? Godoro la kitandani linabonyea."

"Godoro si linatoka?"

Tukalitoa. Akakunja mablanketi mawili, akayatandaza juu ya chaga, akajilaza taratibu huku akiguna. Akakunja magoti. Nikamwambia akaze tumbo, ainue kiuno.

Kiuno kiliinuka kidogo sana, upande wa kulia ukitangulia. Kwenye video haikuwa hivyo. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ameibana, jasho limemtoka juu ya nyusi.

"Shusha polepole," nikasema, basi.

Akashusha, akapumua. Kisha, bila kuambiwa, akainua tena.