Wifi wa Khartoum

Kokuberwa, mwalimu wa darasa la tatu huko Kimara, hakujijua kuwa ana wivu mpaka mumewe Audax alipopata kazi ya kutengeneza mashine za hospitali Khartoum. Kule alikaa nyumba moja na Watanzania wenzake watano. Mmoja alikuwa nesi wa kutoka Masasi, Filomena.

Wakipigiana video, Filomena hakosekani nyuma: mara anasonga ugali, mara anaanua nguo. "Wifi, za Kimara?" anapaza sauti.

Machi 2023 Audax akaanza habari nyingine. Wanajeshi wameongezeka darajani. Foleni ya mkate haishi. Filomena anakausha mikate juani na kujaza maji kila ndoo, anasema hapa patachafuka.

Kokuberwa alisikia jina tu. "Hilo shati umepigiwa pasi na nani?"

"Mama Edgar, mie nakwambia vita, wewe unaniuliza shati?"

"Limenyooka, Baba Edgar. Wewe pasi hujawahi kuishika."

Akamtaka ahame. Hakupokea simu zake wiki nzima, mpaka Audax akapanga chumba peke yake, mtaa wa mbali. Kokuberwa akalala vizuri siku tisa.

Ya kumi, Jumamosi, mapigano yakaanza. Audax hakupatikana hewani. Namba ya Filomena alikuwa nayo. Aliinakili kwa siri mumewe alipokuja likizo, ili siku moja amtukane. Siku ya tano ya mapigano akaipiga, akataja jina la Audax tu, akalia.

"Wifi, nyamaza. Mtaa wake naujua. Basi la Watanzania likija, siondoki bila kaka yangu."

Kweli hakuondoka. Alimbembeleza dereva wa ambulensi, akapanda naye, wakamkuta Audax ana homa, amebakiwa na maji kikombe kimoja.

Uwanja wa ndege Dar, Kokuberwa alimkumbatia mumewe, kisha Filomena. "Nisamehe."

"Kwa lipi tena, wifi?"

Audax hakuwa amemwambia kwa nini alihama. Kokuberwa naye hakuweza.

Wakamkaribisha Kimara apumzike kabla ya safari ya Masasi. Jumapili mezani, Filomena akamgeukia Audax. "Kaka, dawa umemeza?"

Kokuberwa hakujua kama kuna dawa. Aliinuka, akaenda jikoni, akaosha sufuria iliyokuwa safi tayari, ndipo akarudi na bakuli la ndizi. Akampakulia Filomena kwanza.