Mama Tonny Angojea Diski Mpya

Sauti ya Tonny ilianza kukatika mwezi wa Januari, na mamake akadhani ni deki.

Akaipiga kofi, kama alivyozoea. Kwenye skrini yule mtu wa mkono mmoja wa sinema ya Wachina alikuwa ameganda katikati ya daraja, na Tonny, mwanawe, marehemu, akirudia neno moja, "Mama-mama-mama-mama," mpaka mama mwenyewe, Chepngeno, akachomoa waya ukutani. Haki ya Mungu, hata wewe ungechomoa.

Tonny alikuwa dijei wa muvi. Si wale wakubwa wa Nairobi, la. Alichukua sinema ya Wachina au ya Wamarekani, akaweka sauti yake juu ya picha, akawasimulia watu kwa Kiswahili nani anampiga nani na kwa kosa gani. Vibanda viwili tu vya video ndivyo vilivyoonyesha kazi yake: kimoja hapo kwao Kachibora, na kingine cha mzee Absalom, huko Kabuchai upande wa Bungoma. Na katika kila sinema, adui akinyemelea nyumba ya watu, Tonny aliacha hadithi yote akapaza sauti: "Mama wa Kachibora, funga mlango! Anakuja!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Chepngeno, ambaye kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia ya mahindi stoo, alijifanya kuona haya, lakini siku hizo alitembea sokoni kama mke wa chifu.

Halafu lori likamgonga kijana nje ya Kitale akiwa kwenye pikipiki. Simu yake ikasagika hapo hapo. Kompyuta aliyofanyia kazi ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe akaifuta yote kabla matanga hayajaisha. Sauti ya Tonny ikabaki mahali pawili duniani: katika sidii zilizokuwa kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha mamake, na katika zile za Absalom.

Kwa hiyo Chepngeno aliifunga sidii iliyougua kwa leso, akaenda nayo Kitale kwa Hashim, muuza muvi wa karibu na msikiti. Hashim aliigeuza kwenye mwanga, akasikitika.

"Mamangu, hii imekwaruzika, imekwisha. Lakini usihangaike. Kuna diski mpya zinakuja, zinaitwa blu-rei. Picha safi, waona mpaka jasho la mtu. Na sauti sasa! Utadhani mtu yuko hapo kando yako."

"Kando yangu?"

"Hapo hapo."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Akauliza kama ile ya mtu wa mkono mmoja itakuwapo. Itakuwapo. Na ile ya mapacha? Hata hiyo, mamangu. Kuhusu sauti ya mwanawe hakuuliza kitu. Angeulizaje? Nani huuliza kama ugali una unga? Maisha yake yote hakuwahi kuona sinema ambayo Tonny hayumo. Naye Hashim, mtu wa kuja kutoka Mombasa, hakuwa amewahi kusikia hata jina la Tonny.

Basi akaanza kungoja. Sidii ya pili ikafa, ya tatu ikafuata, na ajabu ni kwamba hakulia tena. Alizirudisha kwenye mkebe kama mtu anayehama nyumba mbovu, akili yote iko kule kwingine. Jeruto, mwenzake wa stoo, alijaribu.

"Mama Tonny, si upeleke hizo zimebaki kwa vijana wa kompyuta pale saiba, wakuwekee kwa flashi?"

"Za nini? Ati nihifadhi takataka, na safi zinakuja?"

Jeruto akarudi kwenye magunia yake. Alitaka kuuliza nani atatia sauti ya Tonny kwenye hizo safi, lakini utamwambia nini mama aliyeanza kucheka tena?

Siku moja, Chepngeno akiwa amechomeka sindano kwenye gunia, simu ikalia. Ni Absalom, ambaye r na l humchanganyikia ulimini.

"Mama Tonny, habari ya huko? Mimi nilifunga kibanda. Vijana siku hizi wanaangaria kwa simu. Nimepanda mtama, na ndege wananimaliza, bana. Sasa hizi sidii za Tonny zinakaa hapa bule. Utakuja kuchukua, ama nizitundike shambani zitishe ndege?"

Laiti Jeruto angempokonya ile simu! Lakini Jeruto alikuwa upande wa pili wa stoo akipima mahindi, na Chepngeno alikuwa na haraka.

"Tundika tu, Absalom. Mimi nangoja mpya."

"Zote?"

"Zote."

Mzee wa watu, aliuliza mara mbili. Asilaumiwe.

Sidii ya mwisho ya mkebe ilikufa Julai. Diski mpya zilifika Agosti, pamoja na deki yake, maana ya zamani haikuziweza. Chepngeno alioga, akavaa rinda la kanisa, akamwita Jeruto. Picha ikaja, na kweli Hashim hakudanganya: kope za mtu wa mkono mmoja ungeweza kuzihesabu. Muziki ukalia. Watu wakaanza kuongea Kiingereza.

"Ataanza sasa hivi," Chepngeno akamwambia mwenzake. "Tonny hupenda muziki uchezecheze kwanza."

Jeruto alitazama sakafu. Alichokishuku sasa alikuwa na hakika nacho. Daraja likapita. Adui akaingia uani, akavuka taratibu, akashika komeo. Chepngeno akajisogeza mbele, kicheko kimeshajiweka tayari mdomoni. Mlango ukafunguka, adui akaingia, na hakuna aliyemwambia mama wa Kachibora afunge.

Kesho yake alikuwa Kabuchai. Aliziona zile sidii kutoka barabarani, zimefungwa kwa kamba za katani juu ya mtama, zinazunguka na kumulika. Mvua na jua vilikuwa vimezila kwa miezi. Ule upande wa fedha ulibambuka kwenye vidole vyake kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Alizifungua moja moja, Absalom akimsaidia, wakazijaribu zote kwenye deki kuukuu ya kibanda. Deki ilizitema zote.

"Woi, mwanangu," Chepngeno akasema, akaketi kwenye benchi ambako watu walikuwa wakikaa kucheka Tonny akipaza sauti.

Absalom alisimama hapo, kofia mkononi. Roho ilimuuma.

"Mama Tonny, yale maneno mimi nayajua. Nilionyesha hizi sidii mpaka zikaniingia kichwani."

"Sema."

Mzee akakohoa, akaona haya. "Mama wa Kachibola, funga mlango. Anakuja."

"Aka! Si hivyo!" Alikaribia kumpiga. "Si hivyo hata kidogo! Hakuwa anasema hivyo!"

"Pole. Alikuwa anasema namna gani? Nionyeshe, mimi nitafuata."

Chepngeno akafungua mdomo amwonyeshe. Maneno alikuwa nayo, ila sauti ya Tonny haikuja; akaufunga. Akaufungua tena, akatazama skrini tupu, akatazama mlango, na Absalom akakaa kando yake akimngoja.