Jiwe la Jikoni kwa Bi Hester

Mji wetu wa Oxford huamka polepole ndani ya ukungu wa mto, na minara yake hujitokeza mmoja mmoja, kana kwamba inakumbuka mahali pake. Katika kichochoro nyuma ya kanisa, ambamo wanafunzi walipita kwa baiskeli majoho yakipepea, aliishi Bi Hester Tuckwell, fundi wa miavuli. Duka lilikuwa mbele, jiko nyuma. Na katika ukuta wa jiko, kando ya meko, lilikuwamo jiwe la mpaka wa parokia, kongwe kuliko nyumba yenyewe.

Kila Sikukuu ya Kupaa tuliuzunguka mpaka na kasisi, tukiimba, tukiyachapa mawe yake yote kwa fito za mierebi ili mpaka usisahaulike na kupaza sauti: "Alama! Alama! Alama!" Kwa Bi Hester tuliinama chini ya miavuli iliyoning'inia, tukalichapa jiwe, tukanywa chai. Ndivyo alivyompata mumewe. Cuthbert, wakati huo kijana wa kwaya, alichapa kwa nguvu hata ufito ukakatika, na kipande kikatumbukia katika uji wa binti wa nyumba, ndiye Hester. Tangu walipooana, yeye ndiye aliyelichapa kwanza kila mwaka. Kisha, majira ya baridi fulani, akafariki.

Mkesha wa sikukuu iliyofuata, Ambrose Pettifer, mzee wa kanisa, alisimama mlangoni pa duka na mwavuli wake uliotoboka.

"Shemeji, nina habari. Usinipige kwa mwavuli."

"Itategemea habari. Na huo wako, Ambrose, hata kuku hajikingi nao!"

"Kasisi mpya anasema jikoni kwako hatuingii. Eti pamebana, watoto watavunja vyombo. Tutapita njiani tu."

"Watoto? Birika la mama yangu ulilivunja wewe, ukikimbilia keki!"

"Nimemwambia. Hasikii."

Bi Hester aliacha kushona. "Basi mwaka huu hakuna atakayelichapa," alisema kwa sauti ndogo. "Wa kwanza tangu Cuthbert aondoke."

Hata hivyo, asubuhi alipanga vikombe, akauacha mlango wazi. Wimbo ulikuja kichochoroni kama maji yanayopanda, ukafika mlangoni, ukapita, ukaanza kufifia. Hapo akauchukua mwavuli wa Cuthbert, akalichapa jiwe kwa mpini.

"Alama," alinong'ona. Akachapa tena. "Alama!" Mara ya tatu sauti yake ilijaza nyumba.

Nje, wimbo ulikatika. Kisha Pettifer akaitikia kwa koo lake lote: "Alama!" Nasi sote nyuma yake.

Kasisi alirudi, akachungulia, kanzu yake nyeupe ikiwa imelowa umande.

"Mama, tutaenea kweli humu?"

"Ukiinama, mwanangu. Wenzako wote waliinama."

Akainama. Tukaingia tukibanana, tukiwa na harufu ya majani mabichi, na hakuna aliyeinua mkono, maana Cuthbert, wa kwanza kuchapa, hakuwapo. Pettifer akamwekea Bi Hester ufito wake mkononi. Alichapa polepole, kama anayebisha mlango wa chumba ambamo mtu amelala. Jani moja la mwerebi likachomoka, likazunguka katika mwanga wa dirisha, likatua ndani ya kikombe chake.

Hakulitoa. Aliinywa chai yote, jani likiwamo.