Madoa Saba na Boti Moja

Mimi sina subira, na hilo mtu yeyote wa Ujiji atakwambia kabla hujamaliza kumuuliza. Ndiyo maana nilibadilisha lenzi ya kamera kando ya barabara pale Kidahwe, kiangazi, lori la mizigo likipita. Nilikuwa nimeona ng'ombe wenye pembe ndefu wanavuka, nikawataka kwa karibu. Ng'ombe niliwakosa. Vumbi nililipata.

Ukiivua kamera lenzi, ndani kuna kijioo kinachonasa picha. Mafundi wanakiita sensa. Vumbi likishatua pale halitoki kwa kupuliza, na mimi nilipuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Kukigusa niliogopa, maana fundi wa kuaminika alikuwa Dar es Salaam na kamera ilikuwa hiyohiyo moja. Basi tangu siku ile kila picha niliyopiga ilitoka na madoa saba ya kijivu, mviringo, palepale kila mara. Ukimpiga mtu aliyevaa kitenge cha maua huyaoni. Sasa piga mbingu, au ziwa limetulia, jamani! Utadhani picha imeugua surua.

Ikabidi nijifunze kuyafuta kwenye kompyuta. Unaikuza picha, unaweka brashi juu ya doa, unabonyeza, programu inachota rangi ya pembeni na kuziba. Nikanogewa. Lile doa kubwa la juu kulia nililiita Mwenyekiti, kwa sababu halikosi kikao. Wateja waliokuja kupiga pasipoti nikawa nawaonyesha picha kabla na baada ya kusafishwa, hata wasioniuliza.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipoanza tena kuvuka kwa wingi kuja kwetu. Mimi niliitwa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, kupiga picha za harusi. Huko huendi kwa gari, ni boti tu, na boti yangu ya kurudi ilichelewa. Nikawa nimesimama ufukweni, nimenuna, viatu vya harusi mkononi. Ikaja boti ndogo ya injini, ikashusha watu: mama mmoja wa rika langu, watoto wawili, godoro na masufuria. Mwanaume aliyewashusha alikuwa mume wake. Aliwashika watoto vichwani, akapanda tena botini na mwenye boti, anarudi Burundi kumchukua mama yake mzazi.

Boti ilipokwisha kwenda mbali, yule mama akaiona kamera yangu.

"Dada, nipigie picha yake. Zetu zote zimebaki nyumbani. Sina hata moja."

Nikainua kamera. Lenzi ilikuwa ile ya harusi, ya kuingiza ukoo mzima, kwa hiyo boti ilionekana punje tu. Nikapiga moja. Nikawapa watoto vitumbua vya harusi, nikapiga ya pili. Boti ilikuwa imesogea zaidi. Nikapiga ya tatu, inakaribia kupotea. Nikamwelekeza studio yangu ilipo, nikamwambia siku akipata nafasi aje achukue. Boti yangu ikafika, nikaondoka.

Alikuja baada ya miezi mingi. Alikuwa amepata ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi kumleta mtoto hospitali Kigoma mjini, na gari la kuwarudisha lilikuwa linaondoka saa nane. Nikamuuliza habari za baba watoto. Hakurudi. Mkwe wake naye hakufika, wala hakuna aliyeleta habari yao. Na mtoto mdogo alikuwa ameanza kuuliza baba yake yukoje.

"Nimekuja kuchukua ile picha," akasema.

Nikafungua kompyuta kwa mbwembwe zangu zote. Ziwa limelala, bluu tupu, safi kama sahani iliyooshwa. Akaitazama picha ya kwanza. Akatazama ya pili na ya tatu. Kisha akanigeukia.

"Dada, mume wangu umemweka wapi?"

Wallahi! Nilikumbuka palepale. Siku niliyozisafisha nilikuta doa la nane, majini, nikasema hili vumbi la Kidahwe bado linaniandama tu, nikalifuta. Mara tatu, picha zote tatu. Na kwa uvivu wangu nilikuwa nimezihifadhi zile safi juu ya zile za mwanzo, jina lilelile, kwa hiyo kwenye kompyuta hapakuwa na nyingine.

Nikaanza kufoka. Niliifokea kompyuta, nikaifokea feni, nikamfokea dada yangu aliyepita tu kuomba chumvi. Yule mama alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasorobo. Kumwona ametulia vile, na mwenye kukosewa ni yeye, niliona aibu. Nikanyamaza.

Niliponyamaza ndipo nikaikumbuka kadi ya kamera. Kadi ya harusi siifuti mpaka wenyewe wachukue albamu, na wale wa Mwamgongo walikuwa hawajaichukua, kwa sababu mashangazi wawili walikuwa wanagombania nani awe ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimewasema vibaya miezi yote hiyo. Mungu awabariki wao na ugomvi wao! Kadi niliikuta kwenye kopo la vifungo.

Picha tatu zikafunguka na uchafu wake wote. Sijawahi kufurahia madoa namna ile.

"Ni huyu," akasema, na kidole chake kikagusa doa moja pale majini, kubwa kuliko mengine ya chini. Akakiacha pale. Mimi lile doa nilikuwa nalijua vizuri.

Nilisita. Gari lilikuwa linamsubiri, na ningeweza kumchapia hivyo hivyo akaenda zake na moyo mweupe. Lakini sikuweza.

"Dada, hilo ni vumbi."

Hakuniamini. Nikamfungulia picha ya bibi harusi: doa lilelile, palepale, kwenye shela. Nikamfungulia ya wapishi: limekaa juu ya sinia la pilau. Akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mana yanje, Mungu wangu! Nilitaka kwenda kuwaonyesha watoto vumbi!"

Nikaziweka zile picha tatu za ziwa pamoja kwenye kioo cha kompyuta. "Vumbi halihami," nikamwambia. "Tutafute kinachohama." Tukainama wote wawili, vichwa vimegusana. Yeye ndiye aliyeiona kwanza. Kipunje cheusi, kwenye picha ya kwanza kipo karibu na katikati, ya pili kimesogea juu, ya tatu kimebaki kama ncha ya sindano. Nikaikuza ya kwanza taratibu. Boti ikatokea, na watu wawili, mmoja kwenye injini na mwingine mbele, shati jeupe. Uso hauonekani.

"Hilo shati nililifua mimi asubuhi yake," akasema. "Basi, usikuze tena."

Nikaanza kusafisha kwa mkono, doa moja moja. Kila moja nikamuuliza, "Hili nifute?" naye akasogea, akalichungulia, akasema, "Futa." Hata Mwenyekiti niliomba ruhusa kumfuta. Sijui kama nimewahi kufanya kazi polepole vile maishani mwangu.

Nilichapa zote tatu. Nyuma nikaandika namba kwa kalamu, moja, mbili, tatu, ili watoto wajue ipi imetangulia. Akazipanga kwenye meza kama nilivyoziandika: boti ipo karibu, boti imesogea, boti inapotea. Alizitazama kwa muda. Nje yule mtoto aliyemleta hospitali alikuwa anaita, saa nane imekaribia. Kisha akachukua ile ya tatu akaiweka mwanzo, na ile ya kwanza akaipeleka mwisho.

"Niandikie hivi," akasema. "Watoto wakizitazama, wamwone anakuja."

Machozi yalinitoka mbele yake, sifichi. Nikazikata namba zangu, nikaandika upya.