Mama Mkwe Mbele ya Madaktari

Mkono wangu wa kulia ulinaswa na mashine ya kukamua alizeti nikiwa kazini, Issuna. Ulipopona, vidole vitatu vilikuwa bado vipo lakini havikunjiki. Daktari wa kwanza aliyenipima kwa ajili ya mafao ya ulemavu aliniambia nikunjue mkono, nikunje, kisha akaandika kwamba naweza kuendelea na kazi. Nikakata rufaa. Nikaitwa Singida mjini mbele ya jopo la madaktari watatu, nikaambiwa nije na mtu ninayeishi naye.

Mume wangu alikuwa safarini, kwa hiyo mtu huyo alikuwa mama mkwe. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Tangu niumie, mama huyu hakuruhusu mtu kunionea huruma. Jirani akisema, "Maskini mkweo," yeye hujibu, "Maskini kwa lipi? Hakuna kinachomshinda!"

Asubuhi tukiwa kituo cha basi nikamwomba, "Mama, leo usinisifie."

"Nikuseme vibaya mbele ya wageni?"

"Sema ukweli tu."

"Ukweli ndio huohuo ninaousema siku zote."

Tulipoingia, madaktari walinipa kifaa nikibane. Mshale wake ukatikisika kidogo, ukalala. Wakaniambia niokote maharage mezani. Yakaruka hadi chini ya kiti cha mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Kisha mwenyekiti akamgeukia mama mkwe, akamwamkia kwa heshima, akauliza, "Nyumbani mkweo anafanya kazi gani?"

"Zote," akajibu mama.

Nikamvuta kanga kwa siri.

"Hata ugali anasonga?"

"Anasonga! Tena laini, hauna donge hata moja."

"Anasongaje?"

Mama akasimama, akaweka kigoda katikati ya chumba kiwe sufuria, akajifunga kanga vizuri. "Mimi nashika sufuria. Mjukuu anamwaga unga. Yeye anakoroga kwa mkono wa kushoto. Ukianza kukaza, mwiko napokea mimi."

"Kwa hiyo anayesonga ni wewe, mama."

"Mimi namalizia tu!"

"Na kufua?"

"Anafua, nguo zinang'aa. Kusugua na kukamua ndiyo nafanya mimi."

Nikauma kanga nisicheke. Daktari kijana aliyekuwa akiandika aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanamtikisika.

"Kusuka nywele je?"

"Ah, hilo hata kabla ya ajali alikuwa hajui."

Hapo nilishindwa. Nikaangua kicheko hadi machozi yakatoka, na mwenyekiti naye akavua miwani ajifute. Mama alibaki kasimama kando ya kigoda, anatutazama mmoja mmoja, akifikiri. Mwishowe akanigeukia.

"Kumbe nafanya kazi nyingi hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukuniambia!" Akacheka kuliko sisi wote.

Tulitoka tukiambiwa tusubiri majibu. Njiani kila tulipotulia, mmoja wetu alisema "namalizia tu," tukaanza upya, na watu wakatupisha kama wanavyowapisha walevi.

Simu ilikuja tukiwa uani tunaanika mtama. Sauti ikaniambia rufaa yangu imekubaliwa, nitalipwa kila mwezi. Nilipomwambia mama, alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio, wakauliza ni harusi ya nani.

"Mkwe wangu ameshinda!" akawatangazia, mikono juu. "Madaktari watatu, wote wamekubali kwamba hawezi kazi!"

Sijawahi kusikia mtu akinisema hivyo kwa fahari kubwa namna ile. Akanishika mkono, huohuo wa kulia, tukacheza pekupeku juu ya mtama wetu, na majirani wakaingia kucheza bila hata kuelewa vizuri tunafurahia nini.