Ndugu wa Rosine

Daktari aliomba ndugu wa Rosine watoe damu ya kupimwa. Asubuhi ile ya mwaka 1997 uwanja wa zahanati pale Katumba, makazi ya wakimbizi nchini Tanzania, ukajaa: mashemeji, majirani, wanakwaya wenzake, hata mzee Egide aliyetoka naye kilima kimoja kule Burundi.

"Nyie wote ni ndugu?" daktari aliuliza.

"Uliita ndugu, tumekuja," Egide alijibu. "Kama ulitaka wachache ungesema mapema, tungebaki shambani na tumbaku yetu."

Watu walicheka. Goreth hakucheka. Kaka yake Pontien alikufa akihema kama mtu aliyekimbizwa, na sasa dada yake Rosine alishindwa kubeba hata ndoo ndogo. Mishipa ya mapafu imebana, daktari alieleza, na moyo unachoka kusukuma damu. Ugonjwa huu huenda unapita kwenye ukoo, ndiyo maana anautafuta ndani ya damu yao. Rosine mwenyewe huenda asifaidike, labda wanawe. Tangu Pontien azikwe, Goreth hakupanda mwinuko bila kusikiliza pumzi zake.

"Nawataka wa baba mmoja na mama mmoja," daktari alisema.

Goreth akakunja mkono wa blauzi, akakaa mbele ya sindano. Mama yao, Thacienne, akainuka.

"Huyu mwacheni."

"Mama, siogopi sindano."

"Najua." Thacienne alimtazama daktari, si binti yake. "Ukichanganya damu isiyo yao, kazi yako inaharibika?"

"Inaharibika, mama. Tutapotea njia."

"Basi ya huyu usichukue. Tulipokuwa tunakimbia mauaji kule Burundi mwaka sabini na mbili, nilimkuta amefungwa mgongoni kwa mama aliyekwisha kufa. Nikamhamishia mgongoni kwangu."

Goreth alijua alipaswa kushusha pumzi; ugonjwa ule haukuwa wake. Lakini mkono ulibaki pale pale mezani, umenyooshwa.

"Kumbe wewe utabaki," Rosine alisema, akipumzika katikati ya maneno. "Basi wanangu... nimejua wa kumwachia."

"Usiseme hivyo, dada."

"Niite hivyo hivyo."

Muuguzi akamwita anayefuata. Goreth akashusha mkono wa blauzi, akasimama asijue aende upande gani. Egide akasogea, akampa nafasi kwenye benchi, pamoja na ndugu ambao damu yao haikutakiwa.